Upande wa Pili wa Kaseti

9 Februari

Mdogo wangu Waya,

Hujambo? Umekula leo, au umeshinda na chai ya asubuhi, kikombe kimekaa juu ya redio ya mtu? Mimi sijambo, ila miguu imevimba mpaka viatu vimenikataa. Shemeji yako yuko safarini na lori lake kama kawaida, anakusalimu sana. Mtoto anacheza. Miezi sita sasa, na teke lake ni la mtu mwenye haraka.

Kazini wamenitoa kwenye mashine za kufulia, wameniweka meza ya kukunja. Shuka za hospitali hazina mwisho. Jana nimekunja mpaka mikono ikafa ganzi, mara nikajikuta nimebana pembe ya shuka kwa kidevu. Msimamizi akapiga kelele, "We mama! Shuka za wagonjwa hizo!" Nikacheka. Unakumbuka Bibi alivyokuwa anabana shuka kwa kidevu, sisi wawili tumeshika pembe za chini, naye anatusemesha meno yamefungwa: "Vuteni, vuteni, mnavuta kama mlikula upepo!" Nikawahadithia wenzangu. Halafu katikati ya kucheka nikaanza kulia, wao wakasema ni mimba.

Si mimba, Waya. Nimemkumbuka Bibi kuliko nilivyotegemea. Miaka mitatu tangu tumzike, nilidhani nimeshazoea.

Sasa nina ombi. Muuguzi wa kliniki ameniambia mtoto ameshaanza kusikia humo ndani. Nataka amsikie Bibi. Ile kaseti uliyomrekodi ulipokuwa na miaka kumi na minne, ulipotengeneza redio yako ya kwanza, ninaitaka. Najua hutaitoa mikononi mwako, na sikuombi uitoe. Ihamishie kwenye simu unitumie. Wewe ndiye fundi, hiyo kwako ni kazi ya asubuhi moja.

Unajua mimi sijaisikia vizuri. Ulipoirekodi nilikuwa shule ya bweni. Niliisikiliza siku ile baada ya maziko, upande wa kwanza tu, na hata huo sikuumaliza. Tulipogawana vitu, Mjomba alichukua kigoda, wewe ukachukua pasi ya mkaa na kaseti, mimi nikachukua kastabini. Ninayo kidoleni hapa ninapoandika. Naipenda, ila haisemi.

Nijibu upesi. Na ule.

Dada yako

27 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na huyo mpiga teke. Mimi sijambo, kazi zipo. Watu bado wana redio za zamani, na bado wanaamini ukizipiga kibao zinapona.

Nimecheka ile habari ya kidevu. Mimi nikinusa mkaa namwona Bibi hapo hapo, amesimama mezani anaisemesha pasi: "Leo umeamka na kisirani, eh?" Halafu anatema tone la mate chini yake, inalia chss, anasema, "Haya, umejibu." Nilikuwa naamini kabisa wanaelewana. Na miaka yote ya udobi wake hakuna mtu mtaani aliyewahi kurudishiwa shati lenye alama ya kuungua, isipokuwa yule karani aliyemkejeli, ambaye mpaka leo sina hakika kama ilikuwa ajali.

Kuhusu kaseti. Ipo, usiwe na wasiwasi. Tatizo ni redio kaseti yangu, mpira wa kuzungushia umelegea na mkanda wa kaseti yenyewe ni mkongwe. Sitaki kuuharakisha ukakatika. Natafuta mpira mwingine. Nipe muda kidogo.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Waya

30 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo wewe? Sisi hatujambo, namshukuru Mungu, ila usingizi umenihama na kiungulia kimehamia.

Waya, mwezi mzima unatafuta mpira? Mpira wa redio au wa trekta? Nimekupigia simu mara tatu, kila mara kuna mteja. Mara ya mwisho nilisikia wazi kabisa kwamba hakuna mteja. Unanipiga chenga, mimi niliyekufunga kamba za viatu.

Kama hutaki mtu mwingine aisikie, niambie. Nitaelewa. Wewe ulikaa naye mpaka siku ya mwisho, ukamnywesha dawa, ukamgeuza kitandani, mimi nilikuwa huku nakunja shuka za watu nisiowajua. Labda unaona sina haki nayo. Kama ndivyo, sema tu, usinizungushe.

Zimebaki wiki sita. Naogopa, mdogo wangu. Mama hayupo, Bibi hayupo, shemeji yako yuko barabarani siku ishirini kwa mwezi. Nikiingia chumba cha kujifungulia nataka niwe na sauti ya mtu wangu sikioni. Ndiyo hilo tu.

Dada yako

21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na hali yako? Hapa ni wazima.

Nisamehe kwa kuchelewa. Usiseme tena kwamba huna haki. Hayo maneno yamenichoma kuliko risasi ya kuchomelea.

Jana nimekutumia kwenye simu, pande zote mbili. Utasikia mkwaruzo, ndio umri wa kaseti. Kuna mahali sauti inashuka, Bibi alikuwa anageukia dirishani kuwafukuza kuku. Upande wa kwanza ana hadithi ya Babu alivyokuja kufuliwa shati lile lile mara nne kwa wiki moja, halafu ule wimbo wa kubembelezea. Upande wa pili ni mazungumzo tu.

Ombi moja: usiwatumie wengine. Ni yako na mtoto. Mambo ya Bibi yabaki kwetu.

Nakuombea ujifungue salama. Ukiwa tayari, mtu yeyote anipigie, saa yoyote.

Mdogo wako,
Waya

2 Juni

Mjomba mtu!

Hujambo, mjomba wa binti? Mwanao anakuamkia kwa kelele. Amezaliwa tarehe kumi na mbili Mei, kilo tatu na nusu, nywele nyingi, na paji la uso ni la Bibi bila ubishi. Mimi nimechoka lakini mzima. Shemeji yako alifika siku mbili baadaye akiwa na mavumbi mpaka kwenye kope, akaogopa kumshika.

Waya, sina maneno. Nilikuwa na Bibi kwenye chumba kile. Niliweka simu chini ya mto, kila uchungu ulipopanda nikamsikia, "Alileta shati safi! Safi! Nikamwambia, wewe kijana, hili shati limechafuka wapi, moyoni?" Mkunga naye akacheka. Na sasa mtoto akilia kwa namna ile ya kukataa kila kitu, nikimwekea ule wimbo ananyamaza, macho yanazunguka kumtafuta anayeimba. Kila siku. Ameshaijua sauti ya Bibi kuliko yangu.

Lakini nilichokaa kukuandikia ni upande wa pili. Sikuusikiliza mpaka wiki iliyopita. Nilikuwa nanyonyesha, mara namsikia Bibi anasema: "Na mdogo wangu, mkimwona, mwambieni yameisha. Nimemsamehe. Nilipokuwa na nguvu sikuweza kulisema. Basi leo nimelisema." Nikarudia mara tano. Kwa nini hukuniambia?

Bibi! Bibi aliyekuwa akisikia jina la Bibi mdogo, huyo mdogo wake, anaondoka chumbani! Tumekua tukijua jambo moja tu kumhusu: kwamba Mama alipolazwa kule mjini kwake, yeye ndiye aliyekuwa anamuuguza, na alimtumia Bibi ujumbe kwamba mgonjwa hajambo, anaendelea vizuri, asije mbio. Bibi akaamini. Akafika Mama ameshazikwa. Miaka kumi na saba hawakusemeshana, mpaka Bibi akafa, na sisi tukakatazwa hata kumuuliza habari. Siku ya maziko ya Bibi alisimama getini tangu asubuhi, na hakuna aliyempa kiti. Mimi sikumpa. Nalikumbuka hilo mpaka leo.

Kumbe Bibi alikuwa amesamehe, na maneno hayo yamekaa kwenye kabati lako miaka kumi na miwili!

Najua uliniambia nisiwatumie wengine. Nimemtumia Mjomba. Nisingeweza kukaa na kitu kama hicho. Ni mwanawe, na ndiye aliyebeba hasira ya mama yake kuliko sote. Amenipigia akilia. Anasema atakwenda kwa Bibi mdogo na mkewe, na anataka uwepo.

Nenda, Waya. Mkumbatie kwa niaba yangu.

Dada yako, mama wa binti

16 Juni

Dada,

Shikamoo, na hongera mara mia. Nimemtangaza mtoto mtaa mzima.

Lakini ungeniuliza kwanza. Nilikuomba usitume. Tafadhali mwambie Mjomba asubiri, mwambie lolote. Hakutaka kunisikiliza, amesema mimi bado mtoto, sijui uzito wa jambo. Safari ni Jumapili.

Waya

11 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi ni mzima wa mwili. Hii ni mara ya nne naianza barua hii, na safari hii naimaliza hata nikilia juu yake.

Tulikwenda. Mwendo wa saa mbili kwenye basi, Mjomba amepakata kiti. Ndiyo, kiti. Unajua useremala wake, alikichonga wiki mbili, mbao nzuri, kina mikono. Tulipofika alikiweka katikati ya chumba cha Bibi mdogo, akasema, "Mama mdogo, kaa. Siku ile sikukupa kiti." Yule mama akakaa, hajui kinachoendelea. Mjomba akapiga magoti, mtu mzima na mvi zake, akatoa simu akasema, "Msikilize dada yako." Akaiwasha.

Bibi mdogo alisikiliza mpaka pale kwenye "nimemsamehe". Akashika mikono ya kiti kama mtu aliye kwenye gari lisilo na breki. "Zima," akasema. Mjomba akadhani ni uchungu wa furaha. "Zima hicho kitu, mwanangu, nakuomba." Kisha akaniangalia mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Dada, ile si sauti ya Bibi. Ni ya Bibi mdogo.

Nakueleza yote. Siku niliyopata barua yako ya Februari nilifunga duka mapema, nikasafisha redio kaseti kwa pamba na spiriti, nikaiweka kaseti. Sikukagua kitufe cha kurekodi. Kilikuwa kimenasa chini. Kaseti zina kijiplastiki nyuma, ukikivunja haiwezekani kurekodi juu yake. Kile cha kaseti yetu kilikuwa kimeshavunjwa, ila nikiwa na miaka kumi na minne niliziba tundu kwa karatasi ya gundi ili nimrekodi Bibi kwenye kaseti ya zamani ya mtu. Mimi mwenyewe. Niliiacha izunguke, nikaendelea na pasi ya umeme ya mteja aliyegonga mlango. Niligeuza upande, ikazunguka tena. Nilipoirudisha kusikiliza, nikajisikia mimi. Pande zote mbili, mimi, namwambia yule mteja, "Hii pasi imekufa, usipoteze muda wako." Nikasikiliza mpaka mwisho nikitafuta hata neno moja la Bibi. Hakuna, isipokuwa mwisho kabisa, ambako sauti yangu ilikoma kabla mkanda haujaisha: kikohozi, na kiti kinasogezwa.

Nilipokuandikia kwamba ipo, ilikuwa imeshapotea siku tisa.

Ulipoandika kwamba labda huna haki, niliona giza. Nikakumbuka watu walivyokuwa wanasema wale dada wawili wana sauti moja. Nilikuwa naijua kaseti kwa moyo, nikaiandika yote kwenye daftari, nikapanda basi. Nilimwogopa. Alifungua mlango, akaniita jina langu la utotoni, hakuniuliza nimefuata nini miaka yote hii. Nilipomweleza akasema, "Lete hilo daftari." Hakulihitaji sana. Hadithi ya Babu aliijua kuliko kaseti, alikuwepo. Pale pa kuwafukuza kuku alifunika mdomo kwa mkono ili sauti ishuke. Wimbo aliuimba macho yamefungwa. Mkwaruzo niliuweka mimi kwa ufundi wangu, na nilijivunia, Dada, hilo nalo ulijue.

Yale maneno ya msamaha hayakuwa kwenye daftari. Alipomaliza upande wa pili aliendelea tu kusema, na mimi sikuzima. Niliporudi nyumbani ningeweza kuyakata. Nikaona nimemwomba mzee wa watu avae sauti ya dada yake aliyekufa akiwa amemnunia, halafu nimkate na hilo? Nikayaacha. Nikadhani hayatatoka kwako.

Siku ile Mjomba alipotoka kumsaidia mkewe na mizigo, Bibi mdogo aliniambia, "Nilitaka kuyasikia yale maneno mara moja tu, hata kama ni mimi nimeyasema. Sikujua yatatembea." Akanishika mkono. "Mwandikie dada yako. Mimi niliwahi kumwambia mtu kwamba mgonjwa wake hajambo. Usikae nalo kama nilivyokaa."

Mjomba bado hajui. Nimekuambia wewe kwanza.

Sikuombi unisamehe sasa hivi. Nijibu tu.

Mdogo wako

30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wiki saba. Simu inaita, haipokelewi. Shemeji amenijibu kwamba mko wazima, basi. Nimeshukuru kwa hilo.

Nipo.

Mdogo wako

14 Oktoba

Waya,

Sisi ni wazima. Mtoto ana meno mawili.

Nilitaka nikae kimya mpaka hasira iishe, nimeona haiishi, basi nakuandikia nayo.

Kuharibika kwa kaseti ningekusamehe siku hiyo hiyo. Ungenipigia tukalia wote, ukanisimulia kwa mdomo wako yaliyokuwemo, na ningekuwa nimepata. Mkono wa fundi huteleza, hata Bibi alimuunguzia karani shati. Nitakuambia ulichonifanyia hasa. Sasa nikikaa mezani nakunja shuka, nikijaribu kumsikia Bibi kichwani, simsikii. Anakuja Bibi mdogo. "Vuteni, vuteni," kwa sauti ya Bibi mdogo. Nimeisikiliza ile sauti miezi mitatu kila siku, mara kumi kwa siku, imefunika ile ya kweli. Nilikuwa nayo kidogo. Hata hicho kidogo umekichukua.

Nilifuta zote. Mtoto alilia mchana kutwa siku tatu, anatazama simu. Siku ya nne nikamwimbia mwenyewe kwa hii sauti yangu ya chura. Alinikodolea macho kama ananihurumia. Akalala.

Mjomba nimemwambia mimi. Sikutaka akuchekee usoni bila kujua. Alikata simu, na kwa wiki mbili mkewe ananiambia hasemi na mtu, anapiga randa tu. Jiandae naye.

Lakini kuna jambo limenikaa, na ndilo limenifanya nishike kalamu. Nilikuwa nakuchukia wewe na yule mama kwa pamoja, nikajiuliza, hivi yeye alikuwa na Mama siku ngapi pale hospitali? Nikagundua sijui. Sijui Mama aliumwa nini hasa. Sijui alisema nini. Sijui kama alituulizia. Nilikuwa na miaka tisa, wewe sita, Bibi alikataza tusiulize, na tukatii mpaka tukazeeka nalo. Tumeililia sauti ya Bibi, tukagombania kikohozi kwenye kaseti, na mtu aliyesikia maneno ya mwisho ya Mama yuko hai, umepanda basi mpaka kwake mara mbili, ukampa daftari asome ya mtu mwingine.

Nenda ukamuulize. Usirekodi, nakukanya. Msikilize, kisha niandikie kwa mkono wako. Usitie chumvi, usipunguze. Kama hataki kusema, niandikie kwamba hataki.

Ukiniongopea tena, sina mdogo.

Dada yako

2 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Mbusu mtoto hayo meno yote mawili. Mimi sijambo. Nilikwenda Jumamosi, na nakuandikia Jumapili asubuhi kabla sijasahau hata neno.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia, "Dada anauliza habari za Mama." Akasema, "Mmechelewa, lakini karibu." Kabla sijakaa vizuri mlango ukasukumwa: Mjomba. Hakujua nitakuwepo. Alikuja peke yake, na sura yake, Dada, nilisimama nikajiweka katikati. Akamwambia, "Nimekuja kukuambia usiniite tena mwanangu." Bibi mdogo akasema, "Haya. Ila ngoja nimjibu huyu, ndipo uniambie yote." Mjomba akabaki amesimama mlangoni, hatoki, haingii.

Haya ndiyo aliyoyasema.

Mama alilazwa siku tano. Ilikuwa mapafu. Siku ya pili alikuwa anasema vizuri, na Bibi mdogo alitaka kumwita Bibi siku hiyo hiyo. Mama alikataa. Alisema: "Watoto wana surua. Mama akiwaacha, nani atawaangalia? Mwambie sijambo, naendelea vizuri, atakuja wakipona." Alimwapisha. Bibi mdogo akatuma ujumbe kama alivyoagizwa. Siku ya nne hali ikageuka, akatuma ujumbe wa pili bila kumwambia hata mgonjwa, nao ukachelewa njiani. Siku ya tano, saa nne asubuhi, Mama akafariki. Alituulizia kila siku. Aliuliza kama mimi vipele vimeshuka machoni, na kama wewe unakunywa maji.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Bibi. Aliendelea kuchambua. Akasema, "Dada yangu alifika, akaniuliza mbele ya watu, kwa nini ulinidanganya. Ninyi wawili mlikuwa mmemshika gauni, nyuso zimejaa vipele. Ningesema nini? Kwamba mama yenu alichagua ninyi mpone kwanza? Mngelala na hilo? Nikasema ni mimi. Nikajua nitamweleza baadaye, peke yetu. Baadaye hakunifungulia tena mlango."

Utaniuliza kama ni kweli. Sijui, Dada. Mimi wa mwisho kumpima mtu. Surua naikumbuka, pazia limefungwa mchana na Bibi anatufunga mikono tusijikune. Alisema yote bila kulia na hakuomba kitu. Nimeandika kama alivyosema.

Nilimwangalia Mjomba nikitegemea alipuke. Alikuwa ameegemea mlango. Alitazama mchele unavyozunguka kwenye ungo. Kisha akauliza, "Alikuwa anakula?"

"Nani?"

"Dada yangu. Siku hizo. Alikuwa anakula?"

"Supu kidogo," Bibi mdogo akasema. "Kwa kijiko. Alisema nimepika mbaya kama ya mama yake."

Mjomba akacheka. "Mama alikuwa hajui kupika supu," akasema. Akaingia, akakaa chini kwenye mkeka, akauliza lingine. Alikuwa amevaa gauni gani. Kitanda kilikuwa dirishani au ukutani. Alimtaja yeye? Mimi nikauliza yangu. Tulimuuliza mpaka mchele ukapikwa na kuliwa, na mengine alijibu, na mengine alishika paji la uso akasema, "Hilo limenitoka, wanangu. Mwaka jana ningewaambia."

Mjomba hakusema kama amesamehe. Alisema tu atarudi Jumamosi.

Ana miaka sabini na sita, Dada. Andika maswali yako yote, hata yale madogo, nitampelekea. Usichelewe kuandika.

Mdogo wako